Sarafu za Urithi: Tuanzie Wapi?

Maelezo ya elimu kwa mlaji yaliyotolewa kwa wananchi wa Mkoa wa Singida



Mada yetu ya leo ni ndogo kwa umbo, lakini inatosha kuifarakanisha familia: afanye nini mtu aliyerithi kopo, mkoba au kibubu chenye sarafu za zamani?

Ziko nyumba ambamo, matanga yakiisha, hufunguliwa sanduku la marehemu, na chini ya nguo na hati za shamba hukutwa fuko la sarafu ambazo hazipokelewi tena dukani. Ndugu mmoja husema huo ni utajiri. Mwingine husema ni takataka. Wa tatu tayari anayo namba ya simu ya mnunuzi. Hapo ndipo hasara huanzia, na mara nyingi anayeumia ni mjane, mtoto wa kike aliyeolewa mbali, au mdogo wa mwisho ambaye hakuwapo siku sanduku lilipofunguliwa.

Neno letu la leo ni moja, na wahenga walikwisha kulisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kusafisha, kabla ya kugawana na kabla ya kuuza, andikeni. Mengine yote tutakayoyasema ni maelezo ya neno hilo.

Zilifikaje katika nyumba zetu

Ili mtu akijue alichokirithi, inampasa ajue kilikotoka. Lugha yetu yenyewe ni ushahidi. Tunaposema "pesa", tunataja sarafu ndogo ya shaba ambayo jina lake lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Tunaposema "hela", tunataja heller, sarafu ya Wajerumani. Wazee wetu waliosema "sumni" walikuwa wakitaja senti hamsini. Historia ya fedha zetu imo vinywani mwetu kila siku, hata kama sarafu zenyewe zimelala sandukuni.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia na pesa zake mwaka 1890, na rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Kuanzia sarafu za mwaka 1904, serikali ya kikoloni ilishika kazi hiyo yenyewe na rupia moja ikawa hela 100. Mwaka 1898 iliwekwa kodi ya nyumba, na vijijini kiwango chake kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mkulima wa Unyaturu, wa Iramba au wa Ugogo, ambaye utajiri wake ulikuwa ng'ombe na nafaka, alilazimika kuitafuta rupia: kwa kubeba mizigo, kwa kwenda mashambani pwani na Tanga, au kwa kujenga reli ya kati, ambayo ilipita Manyoni na Itigi na kufika Tabora mwaka 1912. Rupia iliyobaki baada ya kodi ilihifadhiwa, na baadhi yake ndizo zinazofunguliwa leo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuja serikali ya Waingereza. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na kuanzia mwaka 1921 shilingi ikawa ndiyo fedha ya nchi zetu. Senti zenye tundu katikati, ambazo wazee walizifunga kwa kamba kama shanga, ni za wakati huo. Vijana wetu waliokwenda na Kikosi cha King's African Rifles hadi Ethiopia na Burma katika Vita Kuu ya Pili walipita katika nchi zenye sarafu zao wenyewe, na si ajabu kukuta rupia ya Kihindi au sarafu ya Kiitalia katika sanduku la mzee aliyekuwa askari. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi, na sarafu zetu za kwanza za senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi 1 zikatoka zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere.

Basi kopo moja laweza kuwa na miaka mia moja ndani yake. Kuzichanganya sarafu hizo na kuziuza kwa bei moja ni sawa na kuuza ng'ombe, mbuzi na kuku kwa bei moja kwa kuwa wote wamo zizini.

Siku ya kwanza: msisafishe

Jambo la kwanza la kufanya ni kutofanya. Msizisugue sarafu kwa majivu, mchanga, dawa ya meno, limau wala stilwaya. Weusi ulioko juu ya sarafu ya fedha na rangi ya kahawia iliyoko juu ya sarafu ya shaba vimejijenga kwa miaka mingi, na kwa mkusanyaji wa sarafu hiyo ni ngozi yake ya asili. Mkiisugua itang'aa kwa siku chache, lakini mikwaruzo itabaki milele, na mnunuzi mwenye ujuzi ataiona mara moja na kupunguza bei. Uharibifu huo hautengenezeki.

Vilevile msizitoboe, msizichomelee kishikizo, wala msizipeleke kwa sonara kufanywa pete au kidani. Zishikeni kwenye ukingo, siyo usoni, kwa mikono iliyo safi na mikavu. Ziwekeni moja moja katika bahasha ndogo za karatasi kavu, mbali na jiko, chumvi na unyevu. Mifuko laini ya plastiki haifai kwa hifadhi ya muda mrefu, kwa kuwa baadhi yake huiachia sarafu utando wa kijani unaonata.

Kopo au mkoba wa asili msiutupe. Kama ndani mlikuwa na kikaratasi, stakabadhi au kitambaa chenye fundo, kitunzeni pamoja na sarafu zilizokuwamo. Huenda kikaeleza zilikotoka.

Siku ya pili: daftari

Chukueni daftari la kawaida la shule. Kaeni warithi wasiopungua wawili, na ikiwezekana awepo mzee mmoja wa ukoo. Kila sarafu ipewe namba, na namba hiyo iandikwe juu ya bahasha, siyo juu ya sarafu. Kisha andikeni yafuatayo:

Kwanza, maneno na herufi zote mnazoziona, hata kama hamjui maana yake, pamoja na herufi ndogo zilizojificha pembeni. Herufi hizo ndogo mara nyingi ni alama ya kiwanda. Katika sarafu za Wajerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. Katika senti za Afrika Mashariki, H na KN ni viwanda vya Birmingham.

Pili, mwaka. Tatu, rangi ya madini: nyeupe, nyekundu, ya kahawia au ya njano. Nne, upana wa sarafu kwa rula, katika milimita. Tano, uzito kwa gramu. Sita, kasoro: tundu lililotobolewa, mkwaruzo, sehemu iliyokatika.

Kwa uzito tumieni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu, kama ile ya sonara. Mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, nanyi mna haki ya kuomba kuiona alama ya uhakiki. Mpimaji asizichukue sarafu kwenda nazo chumba cha nyuma. Zipimwe mbele ya macho yenu.

Kisha pigeni picha pande zote mbili, mchana, kando ya rula, na picha hizo zihifadhiwe katika simu za warithi zaidi ya mmoja. Mwishoni wote waliokuwapo watie sahihi na tarehe. Kazi hii ni ya alasiri moja, na baada yake hakuna anayeweza kubadilisha sarafu, kuipunguza au kudai kuwa haikuwapo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa simulizi: marehemu alizipata wapi, kwa kazi gani, kutoka kwa nani. Waulizeni bibi na babu walio hai sasa, siyo mwakani.

Kuzitambua zile zinazopatikana zaidi

Rupia ya Kijerumani ni sarafu nyeupe yenye upana wa milimita 30 na nusu. Upande mmoja kuna sura ya Mfalme Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Uzito wake ikiwa mpya ni gramu 11.66, nusu rupia ni gramu 5.83 na robo rupia ni gramu 2.92 hivi. Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikipungua gramu nzima au zaidi, kuna jambo la kuuliza.

Hela ya shaba ni ndogo, yenye taji upande mmoja. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Iko pia hela 5 ya shaba ya miaka ya 1908 na 1909, kubwa kuliko rupia yenyewe, na hela zenye tundu za madini meupe.

Riale yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780 ni ya Maria Theresa wa Austria. Ni nzito, gramu 28.07. Tahadhari ni hii: mwaka huo 1780 umeendelea kuchapwa juu yake hata katika karne ya ishirini na baada yake, kwa sababu wafanyabiashara wa Ethiopia, Uarabuni na pwani yetu waliuzoea. Anayekuambia kuwa riale yako ina zaidi ya miaka mia mbili kwa kusoma mwaka tu, ama hajui ama anakuuzia hadithi.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima ina uzito wa gramu 7.78. Zile za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha halisi, na zilizofuata mwaka 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa.

Sumaku ndogo ni msaidizi mzuri. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi na sumaku, kwa hiyo "rupia" inayovutwa siyo rupia halisi. Lakini msigeuze kanuni hiyo: kutovutwa peke yake hakuthibitishi uhalali, kwa kuwa hata ya bandia iliyotengenezwa kwa shaba haivutwi.

Sarafu yenye tembo

Hapa Singida tunalo jambo la kutugusa kwa karibu. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imekata njia za bahari na fedha zimeadimika, Wajerumani walianzisha kiwanda cha sarafu katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora. Walichapa hela 5 na hela 20 zenye sura isiyo nadhifu, kwa maana mashine zilikuwa za karakana. Mkiziona hizo, zenye mwaka 1916 na herufi T, msizitupe kwa kudhani ni mbovu, ndivyo zilivyozaliwa.

Walichapa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tai upande mmoja na tembo mbele ya mlima upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke, ambao uko katika Wilaya ya Iramba, hapa hapa mkoani kwetu. Zilichapwa 16,198 tu kabla ya Tabora kuangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916.

Kwa kuwa sifa zake zimeenea, nakala zake nazo zimeenea. Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu. Nakala ya shaba ya njano yenye upana na unene uleule itakuwa na uzito mdogo kwa mbali, kidogo zaidi ya nusu tu. Mkiambiwa mnunue "tembo wa Sekenke" kwa bei ya huruma, pimeni kwanza. Na mkiikuta katika sanduku la marehemu, nyamazeni, andikeni, pigeni picha, kisha itunzwe mahali salama mpaka ichunguzwe na mtaalamu zaidi ya mmoja.

Thamani ina milango mitatu

Swali ambalo kila mtu hulitanguliza ni bei. Sisi tunalileta sasa kwa makusudi, kwa sababu bei bila utambuzi ni kubahatisha.

Mlango wa kwanza ni thamani ya matumizi. Sarafu za Wajerumani na za Bodi ya Afrika Mashariki si fedha halali tena. Benki haitawapa chochote kwa hizo. Kama pamoja na sarafu mmekuta noti za zamani za Tanzania, fahamuni kuwa Benki Kuu iliziondoa katika mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Yeyote anayewaambia kuwa anaye mtu wa ndani wa kuwabadilishia sasa kwa malipo kidogo, mwepukeni.

Mlango wa pili ni thamani ya madini. Rupia moja ina gramu 10.69 hivi za fedha halisi. Riale ya Maria Theresa ina gramu 23.4, shilingi yenye robo ya fedha ina gramu 1.9. Ulizeni bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo kwa masonara wawili au watatu, kisha zidisheni. Jibu mtakalopata ndilo sakafu: rupia halisi isiuzwe chini ya hapo, hata ikiwa imetoboka.

Mlango wa tatu ni thamani ya mkusanyaji. Hii hutegemea mambo matatu: uchache, hali ya sarafu, na idadi ya watu wanaoitafuta. Umri peke yake hautoshi. Hela ya shaba ya mwaka 1910 ina zaidi ya miaka mia, lakini kwa kuwa ziko nyingi na nyingi zimechakaa, bei yake kwa kawaida ni ndogo. Hata hadithi kubwa haitoshi. Senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwezi Desemba mwaka huo huo, zina hadithi ya kusisimua; hata hivyo zilichapwa kwa wingi kwa ajili ya nchi zetu, na hazimfanyi mtu tajiri.

Tuchukue mfano wa kopo lenye sarafu 60: senti 10 zenye tundu 38, hela za shaba 9, rupia 6, riale moja ya Maria Theresa na sarafu 6 za Tanzania. Mnunuzi anafika na kusema atatoa bei moja kwa kopo zima. Kwa daftari mkononi, warithi wanajua kuwa rupia 6 zina gramu 64 hivi za fedha, na riale ina 23. Jumla ni gramu 87. Kwanza watalinganisha bei ya mnunuzi na sakafu hiyo, kisha watauliza juu ya miaka na herufi za zile rupia. Bila daftari, wangeuza gramu 87 za fedha kwa bei ya vyuma chakavu, na wangemshukuru mnunuzi kwa kuwaondolea uchafu ndani ya nyumba.

Sarafu ni sehemu ya mirathi

Kopo la marehemu si mali ya aliyelikuta. Ni sehemu ya mirathi, kama shamba na ng'ombe. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au katika muda zaidi atakaoruhusiwa na mahakama. Sarafu nazo ziandikwe humo. Daftari mlilolitengeneza litamrahisishia kazi.

Mgawanyo hufuata sheria inayohusika na mirathi ya marehemu. Sisi tunaongeza ushauri mmoja tu: msigawane kwa kuhesabu vichwa. Katika kopo la mfano wetu, warithi watatu wakigawana sarafu 20 kila mmoja bila kuangalia, mmoja aweza kupata rupia zote na riale, na wengine wawili wakaondoka na senti zenye tundu. Wakija kugundua baadaye, udugu utakuwa umeingia ufa. Thaminini kwanza, kisha mgawane thamani. Au kubalianeni kuwa mkusanyiko ubaki mzima kwa jina la familia, mtunzaji mmoja akabidhiwe kwa maandishi, na kila mrithi abaki na nakala ya daftari.

Njia wanazotumia matapeli

Ya kwanza ni hadithi ya zebaki. Huambiwa watu kuwa rupia fulani ina zebaki au nguvu ya ajabu ndani yake, na kwamba yuko tajiri wa nje anayeitaka kwa mamilioni. Ukweli ni kwamba rupia ni kipande kimoja cha fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, kikachapwa kwa mashine. Hakina uwazi ndani, na hakuna zebaki inayohifadhiwa humo.

Ya pili ni ada ya kutanguliza. Mnunuzi asiyeonekana anakubali bei kubwa, kisha anaomba ada ya kibali, ya usajili, ya kipimo cha maabara au ya usafiri. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Sote tunaufahamu ujumbe wa simu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Huu ni ndugu yake, amevaa kanzu nyingine. Namba ya utapeli iripotini Mamlaka ya Mawasiliano kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Ya tatu ni kubadilishiwa. Mtu anaomba sarafu "akaionyeshe kwa mtaalamu" na kurudisha nyingine inayofanana. Mtaalamu anaweza kuanza na picha. Sarafu isitoke mikononi mwenu bila hati inayotaja namba yake katika daftari, mwaka, uzito, jina la aliyeichukua, namba ya kitambulisho chake na tarehe ya kuirudisha.

Ya nne ni haraka na hofu. "Niuzieni usiku huu, kesho serikali itawakamata." Kurithi rupia ya babu si kosa. Anayewatisha anataka msipate nafasi ya kuuliza.

Ya tano ni mali ya Mjerumani. Watu huchangishwa fedha za mganga na za vibarua ili kuchimba hazina inayodaiwa kufichwa, hasa penye maboma ya kale kama ya Kilimatinde na Mkalama. Aliyechanga amekwisha kutoa chake. Hazina inabaki kuwa maneno. Tena kuchimba magofu ni kuiharibu historia yetu wenyewe.

Sheria ya mambo ya kale

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Sarafu nyingi za masanduku ya Singida ni za baadaye, lakini mkusanyiko waweza kuwa na sarafu ya zamani zaidi, kwa mfano za shaba zilizochapwa na masultani wa Kilwa katika zama za kati. Kabla ya kutuma sarafu yoyote ya kale nje, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale. Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu anaweza kuwaelekeza namna ya kuifikia, na namna ya kuwasiliana na Makumbusho ya Taifa, ambako sarafu ya familia yaweza pia kukabidhiwa ili itunzwe kwa jina la marehemu.

Mkiamua kuuza

Kuuza si dhambi. Ada ya shule na dawa ya mama mgonjwa vina haki kuliko kopo lililofungwa. Ila uzeni kwa utaratibu. Warithi wakubaliane kwa maandishi. Tafuteni bei kwa watu wasiopungua watatu wasiofahamiana. Msimwonyeshe mnunuzi mkusanyiko wote kwa mara moja. Anzeni na orodha na picha. Makabidhiano yafanyike mchana, mahali penye watu, na ikiwezekana malipo yapitie benki. Andikeni hati ya mauzo yenye namba za sarafu na bei ya kila moja, nanyi mbaki na nakala. Na wakati wowote kabla ya kusaini mnaweza kusema: tumesikia, tunakwenda kushauriana. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika.

Likitokea la kutokea, wizi na utapeli vipelekeni polisi mara moja pamoja na daftari na picha. Mfanyabiashara aliyewauzia bandia kwa jina la halisi, malalamiko yaende Tume ya Ushindani. Mizani iliyowapunja, Wakala wa Vipimo. Katika ofisi zote hizo swali la kwanza litakuwa moja: mna ushahidi gani? Aliye na daftari ana jibu.

Ndugu wananchi, wengi mtakaofungua masanduku yenu hamtakuta utajiri. Mtakuta rupia chache, senti zenye tundu, na pengine riale. Lakini kila moja ilipatikana kwa jasho la mtu mnayemfahamu kwa jina: aliyebeba mzigo, aliyelaza mataruma ya reli, aliyerudi kutoka vitani. Ikiuzwa kwa bei ya haki, hilo ni jema. Ikibaki na wajukuu pamoja na habari zake, hilo nalo ni jema. Lisilofaa ni ipotee bila mtu kujua ilikuwa nini.

Mkifika nyumbani, basi, nunueni daftari na bahasha, ahidianeni kuwa hakuna atakayesugua wala kuuza, na mpigieni simu ndugu aliye mbali kumweleza siku mtakayokaa kuandika. Mkishayafanya hayo matatu, mmekwisha kuanza.